Jumamosi Tuliyochagua Ndege ya Pili

Kinyozi amefungua kibanda chini ya dirisha langu hapa Mtopanga. Huanza kazi mapema, watu wa msikitini hawajamaliza hata kutawanyika, na mashine yake ya kunyolea inapowaka na kunguruma kile kingurumo chembamba cha kukereza meno, mimi niliye bado kitandani hujikuta nimeinua shingo kutazama juu. Ni dari tu. Lakini shingo haijui. Kwake sauti ile ni ya ndege ndogo inayozunguka juu ya uwanja wa shule asubuhi ya Jumapili, nami nina miaka kumi na mmoja, na ndara zangu zimelowa umande.

Habari hizi sijawahi kumsimulia mtu zikakaa sawa. Kazini, kwenye duka la dawa ninakosimama tangu asubuhi hadi magharibi, nikisema niliwahi kurusha ndege, wenzangu hucheka, wakidhani nasema kishada. Haikuwa kishada. Ilikuwa ndege hasa, yenye mota na betri, ya kuongozwa kwa rimoti. Na rubani wake wa kwanza hakuwa mimi. Alikuwa Mama.

Mama alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya ufuoni. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, katika chumba cha kupanga huko Utange. Baba alifariki kabla sijajua kuandika jina lake. Asubuhi Mama alitoka nikiwa nimelala, jioni alirudi ananuka sabuni ya unga na mvuke, akavua viatu mlangoni, akaniita, "Mbeyu!" nami nikaitika "Abee!" huku tayari nakwenda na karai la maji ya chumvi, kwa kuwa nilijua kitakachoombwa. Alitia miguu, akafumba macho, akaanza kuniuliza habari za shule. Mara nyingi swali lilikatikia njiani. Nilikuwa nikimjibu mtu aliyelala.

Sasa, wageni wa hoteli husahau vitu. Vitu hivyo huwekwa kabatini, na visipoulizwa kwa miezi mingi hugawiwa wafanyakazi, kila mtu na karatasi yake ya kumwonyesha askari wa getini. Siku ya mgao mashuka yalikuwa mengi, Mama akafika wa mwisho. Viatu vilikuwa vimekwenda. Mafuta ya kujipaka yalikuwa yamekwenda. Hata mwavuli uliovunjika mbavu mbili ulikuwa umepata mwenyewe. Lilibaki boksi moja refu ambalo hakuna aliyelitaka, na Mama, ambaye hakuwa mtu wa kurudi mikono mitupu, alilitia kichwani akaja nalo. Majirani walipomwona akikata kona walitoka nje kumpongeza kwa kununua televisheni.

Ndani mlikuwa na ndege. Ilikuwa ya ile sponji nyeupe ngumu wanayofungia friji, nyepesi kama mkate, na bawa lake refu lilikaa juu ya mgongo kama ubao uliotwikwa kichwani. Bawa lilikuwa limevunjika vipande viwili. Pamoja nayo mlikuwa na rimoti nzito yenye vijiti viwili, na kijitabu cha lugha ambayo hakuna aliyeijua mtaani, ila kilikuwa na picha.

Tulimpelekea Fundi Athumani. Alikuwa fundi wa redio na simu, kibanda chake kando ya barabara, mtu wa Jomvu Kuu aliyehamia kwetu kwa ajili ya mke. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, cha kuvutwa polepole, njia kwake ni ndia, na hakuwahi kumjibu mteja kabla hajamaliza kusalimiana naye kwanza, nyumbani, watoto, afya, mpaka watu wa bara wenye haraka zao wakawa wanakwenda kwa fundi mwingine. Aliigeuza ile ndege mikononi, akaipulizia vumbi, akasema, "Mama Mbeyu, hiki si kitu cha mchezo. Hii yataka mkono uliotulia." Akaliunga bawa kwa vijiti vya mishikaki na gundi, akatutafutia betri. Akaning'iniza kijitabu ukutani, akakisoma picha kwa picha kwa muda wa wiki nzima, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Kijitabu kilionyesha bendera iliyolala na tabasamu, na bendera iliyopepea na msalaba mwekundu. Tukaelewa. Pwani upepo hulala alfajiri peke yake. Ikifika saa tatu bahari imeshaamka. Kwa hiyo ilikuwa Jumapili, kabla ya kanisa, jua linachomoza, kwenye uwanja wa shule.

Mimi niliiangusha mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tatizo lilikuwa hili: ndege ikienda mbele yako, kulia ni kulia. Ikigeuka kukujia, kulia kunakuwa kushoto, na mikono inachanganyikiwa. Fundi Athumani, aliyekuja kutazama na birika lake la chai, aliiangusha mara mbili akasema macho yake ni ya redio, si ya angani. Mama alikuwa amekaa pembeni. Akasema, "Hebu."

Akaishika rimoti kama anavyoshikwa mtoto mchanga wa mtu mwingine. Nikairusha. Ikapanda, ikazunguka, ikaanza kumjia, bawa moja likainama, nami nikafumba macho. Sikusikia kishindo. Nilipofumbua ilikuwa inapita juu ya vichwa vyetu, imenyooka, imetulia, inakokota kivuli chake kwenye mchanga.

"Umefanyaje?" nikamuuliza.

"Nimeweka mkono upande inaoangukia," alisema, macho juu. "Kama mtoto anayejifunza kutembea. Akiinamia huku, unamkinga hukuhuku."

Fundi Athumani akaweka kikombe chini. "Wallahi," akasema, "kijitabu kizima hakikuyasema hayo."

Basi nikajifunza kwa Mama. Zikapita Jumapili nyingi. Sizijui idadi, ila najua gauni langu la kanisani lilibana mabega kabla hazijaisha. Kunguru walikuwa maadui wetu wakubwa. Walijipanga kwenye paa la darasa la nne kama wajumbe wa kamati, wakaijadili ndege kwa kelele, kisha mmoja wao, yule mwenye kiburi, akaifuata akiidonoa mkia. Mama alicheka. Ninasema hivi kwa uzito, kwa kuwa nyumbani alikuwa anatabasamu tu, tabasamu la mtu anayetaka mazungumzo yaishe apumzike. Pale uwanjani alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, mtandio umemshuka mabegani, na ndege ile ikizunguka taratibu, taratibu hasa, kiasi kwamba ungeweza kupiga miayo mzunguko haujaisha. Ukiachia vijiti ilijinyoosha yenyewe. Ukizima mota haikuanguka. Ilishuka kama karatasi. Mama alipenda kuizima ikiwa juu. Alisimama kimya akiisubiri ishuke.

Mimi ndiye niliyeiua. Siku ya katikati ya wiki, saa kumi jioni, wanafunzi wenzangu walisema naongopa kwamba kwetu kuna ndege. Nikaitoa. Upepo wa kusi ulikuwa unapiga mpaka sare zetu zilipepea miilini kama bendera. Nikairusha, ikapanda, nikaigeuza inirudie, haikurudi. Ilikuwa inarudi nyuma, uso wake kwangu, inasukumwa kama mtu anayetolewa nje ya ukumbi kwa adabu. Ikavuka ukuta. Ilipotua ilitua vizuri kabisa, katikati ya barabara, na lori la mawe ya ujenzi likaipitia.

Nilimsubiri Mama na vipande kwenye mfuko wa plastiki. Alivitazama. Nilitarajia kofi, au zile nasaha ndefu. Alisema, "Basi," akavua viatu. Baadaye sana, nikidhani amelala, akasema akiwa amefumba macho, "Tutatafuta nyingine."

Akatafuta. Nilijua kwa kuwa Fundi Athumani aliniambia: kila Jumamosi, akishuka kutoka kazini, alipitia kibandani kuuliza kama kuna habari. Fundi alikuwa na jamaa yake pale Kongowea, muuzaji wa vitu vilivyotumika vinavyokuja kwa makontena. Miezi ilipita. Kisha Jumamosi moja jioni akatumwa mtoto wa jirani aje kuniita: nije kwa fundi, Mama yuko huko.

Mezani, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, palikuwa na ndege mbili.

Moja ilikuwa ndugu wa ile iliyokufa. Bawa juu, refu, pana, tumbo nene, rangi ya kijani iliyopauka. Ya pili ilikuwa nyekundu. Bawa lake lilikuwa chini, fupi, limechongoka kwa nyuma, pua ndefu, na ubavuni ilichorwa meno ya papa. Mpaka leo nikifumba macho nayaona meno yale. Niliona pia wanafunzi wenzangu wamesimama ukutani, vinywa wazi.

"Hela iliyopo ni ya moja," Mama alisema. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kikapu mapajani, na nyuma ya mkono wake wa kushoto palikuwa na alama mpya ya kuungua, nyekundu, ya ile roli ya kupigia mashuka pasi. "Mimi naona hii," akaigusa ile ya kijani. Hakuigusa kwa kidole. Aliweka kiganja chote juu ya bawa.

"Hiyo ni ileile!" nikasema.

"Si ilikuwa nzuri?"

"Mama, ile tumeshaijua. Mtu akimaliza darasa la tano harudi darasa la tano."

Fundi Athumani alikohoa. "Mwanangu," akasema, "niliyemwuliza Kongowea amenieleza. Hii nyekundu ni ya mtu ajuaye ndia. Ukiachia mkono haijirudi. Yenda vile ulivyoielekeza, na ukikosa, yenda kwenye kosa lako. Na yenda mbio." Akanitazama juu ya miwani. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hayo meno yatembezwa."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili kasoro, na kwa umri huo hakuna methali inayoshinda meno ya papa. Nikaanza kusema. Nilisema nitajifunza. Nilisema sitairusha jioni tena. Nilisema ile ya kijani ni ya wazee. Mama alinitazama tu, na kwa kuwa hakunijibu nikaona sijamaliza, nikasema lile ambalo ningelipa chochote nilirudishe kooni.

"Wewe unaogopa tu. Hujui kurusha. Unajua kuelea."

Fundi Athumani akachukua bisibisi ambayo hakuwa na kazi nayo. Mama aliangalia zile ndege, kwanza moja, halafu nyingine, kwa muda mrefu, macho yakiwa mekundu, nami nikadhani anapima hoja zangu.

"Haya," akasema. "Chukua hiyo."

Niliibeba mwenyewe mpaka nyumbani, kifuani, meno yakitazama mbele. Mama alikuja nyuma yangu kwa hatua zake. Sikugeuka kumtazama hata mara moja.

Kesho yake alfajiri tulikwenda uwanjani. Nilimpa yeye kwanza, nikijihisi mkarimu. Ndege ilitoka mkononi mwangu kama jiwe la manati. Kabla Mama hajajua iko wapi ilikuwa upande wa pili wa uwanja, ikarudi ikilia kama nyigu, akaikwepa, akaweka mkono upande inaoangukia lakini ilikuwa imeshaanguka na kuinuka na kuangukia upande mwingine. Aliipigania mizunguko miwili. Nilimwona ameuma midomo, mabega yamepanda hadi masikioni. Kunguru walihama paa. Aliishusha hatimaye kwenye majani marefu, bila kuivunja, na hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko nilivyojua. Akanikabidhi rimoti. Viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho.

"Rusha wewe," akasema. "Mimi nitatazama."

Akaenda kukaa kwenye kizingiti cha darasa.

Sitaki mdhani nyekundu ilivunjika siku ile nami nikapata fundisho langu. Ilianguka, ndiyo, mara nyingi. Fundi Athumani aliiunga mpaka ikawa gundi zaidi ya ndege. Lakini nilijifunza. Baada ya Jumapili kadhaa niliweza kuipindua chali na kuirudisha, na watoto walijaa ukutani kushangilia, na nilikuwa nikitupa jicho kizingitini kuona kama Mama ameona. Mara ya kwanza alipiga makofi. Mara nyingine nilimkuta amelala, shavu limeegemea mlango. Halafu ikafika Jumapili aliposema nitangulie, atakuja. Hakuja. Nikarudi nikamkuta bado kitandani, uso ukutani. Sikumwuliza kitu, wala Jumapili iliyofuata sikumsubiri.

Niliwaza kwamba amechoshwa na ndege. Watu wazima huchoshwa na vitu, nilijiambia. Tulipohama Utange nyekundu ilibaki kwa Fundi Athumani, imetundikwa ukutani. Mungu amrehemu, naye hayupo tena.

Nilipomaliza kidato cha nne, Mama aliniombea kazi ya muda palepale hotelini, nami nikawekwa kwenye mashuka. Ile mashine ni roli mbili kubwa za moto. Watu wawili wanalisha shuka upande mmoja, wawili wanalipokea upande wa pili, na halisubiri mtu. Likitoka unalishika pembe, unalivuta, unalikunja, na kabla hujalilaza jingine limeshatoa pua. Ukipepesa macho linajikunja kwenye roli, msimamizi anapiga kelele, na mkono unaoingia kulinusuru unaungua. Siku ya kwanza sikujua saa ngapi imefika. Sikuweza kuinua kichwa kutazama saa. Siku ya tatu nilikaa nyuma ya matangi ya maji nikalia, nikiwa na miaka kumi na minane na miguu mipya. Mama alikuwa upande wa pili wa roli. Alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na mitatu.

Jioni ile, nikiwa nimetia miguu yangu kwenye karai, ndipo ile ndege ya kijani ilipoanza kunisumbua. Nililiona lile bawa pana, na kiganja cha Mama kimewekwa juu yake. Siku sita za wiki kila kitu kilimjia mbio, cha moto, kikimtaka mkono wake sasa hivi. Jumapili alfajiri, siku pekee ambayo angeweza kulala, aliamka akatembea kwenye umande ili ashike kitu kimoja ambacho kikikosewa kinajirekebisha chenyewe, ambacho ukikizima kinashuka polepole na kukupa nafasi ya kusimama bila kufanya lolote. Nami nikamwambia anajua kuelea, nikimaanisha tusi.

Niliificha fikra hiyo miaka mingi, nikijifariji kwamba angalau tulijadiliana, kwamba alinisikiliza akakubali. Mwaka jana nilikwenda kumtazama kwao Kaloleni, anakokaa siku hizi. Alikuwa akipukuchua mahindi, nami nikakaa kitako nikamsaidia. Tukazungumza habari za Utange, za kunguru wa darasa la nne, akacheka kidogo. Nikaona mlango umefunguka.

"Mama, siku ile kwa fundi, ulitaka ile ya kijani."

"Niliitaka, ndiyo."

"Kwa nini ukakubali nyekundu? Maneno yangu yalikuingia?"

Aliokota punje iliyoruka, akaitia siniani.

"Maneno gani?" akasema. "Sikumbuki ulisema nini, mwanangu. Nilikuwa nimechoka. Kukataa kunataka nguvu, na mimi nilitaka kufika nyumbani nikalale."

Hakusema kwa kinyongo. Aliniomba nimsogezee gunzi jingine, nikamsogezea.

Utoto wangu wote nilijidhani hodari wa kushawishi. Nilishinda kwenda safari ya shule, nilishinda viatu vya Krismasi, nilishinda kusoma bweni mbali naye. Sasa, kila nikimkumbuka mahali fulani akiniambia "Haya," namtazama upya, naangalia alikuwa amesimama au ameegemea, ilikuwa asubuhi au jioni, macho yake yalikuwa na rangi gani. Na karibu kila mara ni jioni.